PhET: Maabara ya Skrini Iliyojengwa Juu ya Dhana Mojamoja

Katika nyumba nyingi za Tanzania umeme huisha. Mita ya LUKU ikifika sifuri, mama humtuma mtoto akanunue umeme, mtoto huingiza tarakimu 20 za tokeni, na umeme hurudi. Mtoto huyohuyo akifika sekondari na kuwekewa mbele yake betri moja na balbu mbili zilizofungwa mfululizo, atakwambia bila kusita kwamba balbu ya kwanza itawaka zaidi, kwa kuwa inautumia umeme kabla haujaifikia ya pili. Jibu hilo halitokani na uzembe. Kinachoisha kwenye LUKU ni nishati, inayohesabiwa kwa kilowati-saa, wala si mkondo. Lakini lugha ya nyumbani imempa neno moja tu, umeme, la kubebea mkondo, volteji na nishati kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba hivyo ni vitu vitatu.

Nimefundisha fizikia kwa miaka kadhaa, na hitilafu ya namna hii ndiyo inayoniongoza ninapopima zana yoyote ya kidijitali ya kufundishia sayansi. Sitazami kwanza uzuri wa picha wala wingi wa video. Natazama zana hiyo imepangwa kwa kufuata nini. Nyingi nilizozipitia zimepangwa kwa kufuata sura za kitabu: sura ya kwanza ina maelezo yake, video yake na maswali yake kumi ya kuchagua, kisha sura ya pili vivyo hivyo. Mpangilio huo humfaa mtahiniwa anayerudia masomo usiku wa kuamkia mtihani, lakini haugusi kabisa kile ambacho mwanafunzi alikuja nacho kichwani kutoka nyumbani. PhET, tovuti ya simulesheni (majaribio ya sayansi ya kuigizwa kwenye skrini) ambayo ninaitathmini hapa baada ya kuitumia darasani kwa muda wa kutosha, imepangwa kwa namna nyingine: kila simulesheni ni kama chumba kimoja kilichojengwa kuzunguka dhana moja, na mwanafunzi huingia chumbani humo ili aishughulikie dhana hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mradi huu ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle. Ulianza na fizikia pekee, kisha ukaongeza kemia, hisabati, sayansi ya dunia na biolojia, na sasa una simulesheni zaidi ya 150 zilizotafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Zote ni za bure. Zile za mwanzo ziliandikwa kwa Java na Flash, teknolojia ambazo vivinjari viliziacha, hivyo mradi ukalazimika kuziandika upya nyingi kwa HTML5. Kwa mwalimu, faida ya kazi hiyo ni kwamba simulesheni hufunguka katika kivinjari cha kawaida, iwe kwenye kompyuta mpakato, kishikwambi au simu janja, bila kusakinisha kitu chochote cha ziada.

Nitakaa zaidi kwenye chumba cha saketi, kinachoitwa Circuit Construction Kit: DC, kwa sababu ndicho kinachojibu tatizo la LUKU moja kwa moja. Mwanafunzi hupewa meza tupu na kando yake kisanduku chenye nyaya, betri, balbu, vikinzani na swichi. Huvuta anachokitaka, huunganisha ncha kwa ncha, na saketi ikikamilika balbu huwaka na elektroni huanza kusogea ndani ya nyaya. Hapo ndipo ninapowataka wanafunzi watazame kwa makini, kwa sababu elektroni hazitoki kwenye betri na kusafiri hadi kwenye balbu kama maji yanayomiminwa ndani ya bomba tupu. Zilikuwa zimejaa kwenye waya tangu mwanzo, na swichi inapofungwa zote huanza kusogea kwa pamoja. Hilo mimi nililieleza kwa chaki kwa miaka mingi bila mafanikio ya kuridhisha. Kuliona kwenye skrini humchukua mwanafunzi sekunde chache, na maswali anayoyauliza baada ya hapo huwa ya namna nyingine kabisa.

Halafu huja vipimo. Betri ya mle huanza ikiwa na volti 9 na balbu ikiwa na ukinzani wa omu 10. Balbu moja ikiwa peke yake, amita husoma ampea 0.9. Ukifunga ya pili mfululizo, amita husoma ampea 0.45, na husoma hivyo hivyo ukiiweka kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu zote mbili, au baada ya ile ya pili. Kabla ya kupima, huwaagiza wanafunzi waandike kwenye madaftari yao wanatarajia nini katika kila sehemu. Wengi huandika tarakimu zinazopungua kadiri saketi inavyoendelea, na kwa hiyo usomaji ule ule mara tatu huwashtua. Baadaye tunapima volteji, na hapo wanaiona ile volti 9 ikigawanyika kuwa volti 4.5 kwenye kila balbu. Kitu kimoja kimegawanyika na kingine hakikupungua. Tukifunga balbu zile zile sambamba, kila moja hupata ampea 0.9 yake huku betri ikitoa ampea 1.8, na mwanafunzi huelewa bila kuambiwa kwa nini balbu ya sebuleni haififii taa ya chumbani inapowashwa. Hatimaye turudipo kwenye LUKU, tunauliza upya ni nini hasa kilichoisha.

Simulesheni hiyo inamruhusu pia mtumiaji kubadili picha za vifaa halisi ziwe alama za mchoro wa saketi, na kuzirudisha. Kwa mtu asiyefundisha hilo laweza kuonekana jambo dogo. Kwa sisi tunaosahihisha majaribio na kukuta mwanafunzi aliyeunganisha saketi vizuri mezani lakini ameshindwa kuichora, ni daraja tulilokuwa tukilihitaji, kwa kuwa anaona saketi yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mkono wake, ikigeuka mchoro mbele ya macho yake.

Kuna ushahidi wa kitafiti nyuma ya chumba hiki. Mwaka 2005 Noah Finkelstein na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa fizikia ya awali ya chuo kikuu waliojifunza saketi kwa toleo la wakati ule la simulesheni hiyo na wenzao waliotumia vifaa vya kweli. Waliotumia simulesheni walifanya vizuri zaidi katika maswali ya dhana, na hata walipopewa kazi ya kujenga saketi ya kweli kwa nyaya na balbu za kushikika na kuieleza, waliwazidi wale waliokuwa wamezishika tangu mwanzo. Msomaji azingatie kwamba watafiti walikuwa wa chuo kilekile kilichoitengeneza zana, na kwamba wanafunzi walikuwa wa chuo kikuu cha Marekani, si wa kidato cha pili. Hata hivyo maelezo yao ninayakubali kwa kuwa yanafanana na ninayoyaona darasani: kifaa cha kweli huficha mkondo na kuonyesha rangi ya waya, waya uliolegea, betri iliyochoka na kibano kilichoshika kutu, ilhali simulesheni huyaondoa yote hayo na kuiacha dhana peke yake.

Vyumba vingine vingi vimejengwa kwa hekima ileile. Kipo cha kani na mwendo, ambamo sanduku husukumwa mahali pasipo na msuguano. Mwanafunzi huondoa mkono na sanduku huendelea kwenda kwa kasi ileile. Kwa Kiswahili hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu neno letu la kila siku, nguvu, hutumika kwa kani, kwa nishati na hata kwa afya ya mtu, na mwanafunzi anayesema kwamba sanduku linakwenda kwa sababu bado lina nguvu ndani yake hajakosea Kiswahili. Amekosea fizikia tu. Mshale wa kani unapotoweka kwenye skrini na sanduku likaendelea na safari, tunapata nafasi ya kutenganisha maneno yaliyokuwa yamekaa pamoja. Katika chumba cha densiti yapo mabonge yenye tungamo sawa na ujazo tofauti, mengine yenye ujazo sawa na tungamo tofauti, na mengine yasiyojulikana yametengenezwa kwa nini, ambayo mwanafunzi lazima ayapime ndipo ayatambue. Mimi huongezea pale kipande cha mpingo na ndoo ya maji, kwa sababu mtoto aliyekulia akiona mbao zikielea hudhani kila mti huelea, na mpingo huzama.

Ile ya mchezaji wa ubao wa magurudumu anayepanda na kushuka kwenye njia iliyopinda inafundisha nishati vizuri kuliko sura yoyote ya kitabu niliyoitumia. Nguzo za chati hupanda na kushuka, ya nishati ya mwendo ikibadilishana na ya nishati ya mahali, huku nguzo ya jumla ikibaki palepale. Ukiongeza msuguano, nguzo ya joto huanza kukua hadi ikameza zote, na jumla haijabadilika.

Sasa nije kwenye mpangilio wa tovuti nzima, ambao ndio hasa uliofanya niandike tathmini hii. PhET haikuipa kila simulesheni rafu moja tu. Ile ya mchezaji wa ubao utaikuta chini ya mwendo na pia chini ya kazi na nishati, na kila simulesheni ina orodha ya dhana inazozigusa na malengo ya kujifunza yanayopendekezwa. Unaweza kuchuja kwa somo, kwa kiwango cha elimu, na hata kwa nyenzo zinazowasaidia wanafunzi wenye ulemavu. Dhana za sayansi kwa kweli haziishi katika sura moja. Nishati mwanafunzi huikuta kwenye mashine, kisha kwenye joto, kisha kwenye umeme, na mara nyingi huifundishwa kila mahali kana kwamba ni kitu kipya. Zana inayomwezesha mwalimu kuvuta uzi mmoja kupitia mada zote hizo imeielewa sayansi yenyewe.

Lakini vyumba hivyo havina milango ya kutoka kimoja kwenda kingine, na hapa ndipo ilipo kasoro yake kubwa. Tovuti hukuonyesha simulesheni zinazohusiana, ila haikuelezi ipi itangulie, wala mwanafunzi ahitaji kuelewa nini kabla hajafungua hii. Mtu akiingia moja kwa moja kwenye chumba cha sumaku na umeme bila kupitia cha saketi, ataona balbu ikiwaka sumaku inapopita kwenye koili, atafurahi, na atatoka bila kitu. Uhuru huo wa kuchezea ulikusudiwa. Waundaji wenyewe hupendekeza mwanafunzi aachwe dakika chache za mwanzo achunguze bila maelekezo, na ushauri huo nimeuona ukifanya kazi. Ila uhuru ndani ya chumba ni jambo moja, na kutojua uanzie chumba kipi ni jambo jingine. Mwalimu mgeni atakayewapa wanafunzi anwani ya tovuti na kuwaambia wajifunze, atakuwa amewapa jengo zuri lisilo na ramani.

Ramani hiyo nililazimika kuichora mwenyewe, kwa njia aliyoianzisha Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1970, ambayo kwetu huitwa ramani ya dhana: unaandika dhana ndani ya visanduku, kisha unaziunganisha kwa mistari yenye maneno yanayoeleza uhusiano wake. Niliichora kwenye karatasi ya manila. Katikati niliweka nishati, na kila mstari ulipohitaji uthibitisho wa macho niliandika pembeni jina la simulesheni. Kazi ilichukua jioni nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini iligundua jambo ambalo azimio langu la kazi lilikuwa limelificha: nilikuwa nikifundisha volteji kabla wanafunzi hawajaelewa kwamba nishati huweza kuhamishwa bila kitu kinachoibeba kupungua. Nikabadilisha utaratibu.

Kwa kuihamishia ramani hiyo kwenye kompyuta, kilichonifaa ni Kolibri, jukwaa la bure la shirika la Learning Equality ambalo limetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Simulesheni za PhET zimo katika maktaba yake. Kompyuta moja ikishawekewa Kolibri hugeuka seva, na wanafunzi huingia kwa vishikwambi au simu kupitia mtandao wa ndani wa darasa bila kutumia bando hata kidogo. Zaidi ya hapo, mwalimu anaweza kupanga nyenzo katika makabrasha yake kwa utaratibu anaoutaka yeye, akachanganya simulesheni na maandishi yake mwenyewe na maswali, na akawagawia wanafunzi kama somo. Mimi nilizipanga kwa dhana, si kwa vidato: kabrasha la kile kinachohifadhika, kabrasha la kile kinachogawanyika, kabrasha la mwendo na kisababishi chake. Ndani ya kila kabrasha swali hutangulia simulesheni, kwa sababu mwanafunzi ambaye hakutabiri lolote haoni lolote la kushangaza. Mwalimu asiye na Kolibri bado ana njia rahisi: simulesheni moja hupakuliwa kama faili moja la megabaiti chache, hunakiliwa kwenye flashi, na hufunguka kwenye kivinjari bila mtandao.

Kuhusu lugha nina maneno ya shukrani na ya kuomba. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za PhET, na kazi ya kutafsiri hufanywa na watu wa kujitolea, lakini si simulesheni zote zilizofikiwa. Kwa Tanzania, ambako mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza, zana hii ingeweza kuwa kivuko bora kabisa: dhana ieleweke kwanza kwa lugha anayoimiliki, kisha simulesheni ileile ifunguliwe kwa Kiingereza na maneno mapya yakute mahali pa kukaa. Nimejaribu utaratibu huo kwenye zile zilizotafsiriwa, na ninaupendekeza kwa moyo wote. Maneno ya kutafsiriwa katika simulesheni moja si mengi, kwani zimeundwa kutegemea picha na vitendo. Walimu wawili wanaoelewana kuhusu istilahi wanaweza kuimaliza moja kwa muda mfupi. Ninachowasihi watakaojitolea ni kukubaliana kwanza juu ya kani, nguvu, nishati na uwezo, kwa sababu tafsiri ikitumia nguvu kwa yote manne itakuwa imekirudisha darasani kilekile tulichokuja kukitoa.

Simulesheni za biolojia ni chache mno zikilinganishwa na za fizikia. Ile ya uteuzi asilia, yenye sungura wanaozaliana huku mbwamwitu wakiwawinda, ni nzuri sana, lakini mwalimu wa biolojia atazimaliza mapema na kulazimika kutafuta kwingine. Mwalimu wa kemia atapata zaidi, hasa kwenye kusawazisha milinganyo, kipimo cha pH na hali za maada, ingawa katika hiyo ya hali za maada awe mwangalifu kusema waziwazi kwamba atomu hazina rangi wala si vitufe vigumu, maana picha ikipendeza sana mwanafunzi husahau kwamba ni kielelezo.

Tena, simulesheni haiwezi kumwandaa mwanafunzi peke yake kwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Humo hakuna amita ambayo sindano yake haianzii sifuri, hakuna jicho lililokaa upande na kusoma vibaya, hakuna pini iliyopinda pembeni ya kipande cha kioo. Vipimo vyake ni safi mno. Mwanafunzi aliyezoea kupata 0.45 kila mara hubabaika anapopata 0.41, na hujiona amekosea. Kwa hiyo kwangu simulesheni hutangulia maabara kwa siku moja au mbili, kisha tunaingia na nyaya za kweli, na tofauti kati ya 0.45 na 0.41 ndiyo inakuwa somo la siku: ukinzani wa nyaya, betri iliyotumika, jicho la msomaji. Shule yenye vifaa vichache inaweza kuokoa vingi kwa utaratibu huo, maana wanafunzi hufika mezani wakiwa wameshaunguza betri zao zote kwenye skrini, ambako hutoka moto wa kuchorwa na hakuna anayeumia.

Ninaipendekeza PhET kwa mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta moja na projekta, hata kama darasa lake lina wanafunzi 60, kwa sababu kutabiri kwa pamoja na kupima kwa pamoja hakuhitaji kila mtoto awe na kishikwambi. Siipendekezi kwa mzazi anayetafuta zana ya kumkalisha mtoto peke yake nyumbani bila wa kumwuliza maswali. Anayeanza leo nisingemshauri apakue zote 150. Apakue ya saketi, aiandalie maswali matatu ya kutabiri, na swali la kwanza liwe hili: LUKU ikisoma sifuri, elektroni zilizomo kwenye nyaya za nyumba yenu zimekwenda wapi?